Farasi Aliyezidi Thuluthi

Suud, acha kukunja uso. Na wewe Kheiria, mwanangu, niinulie mto kidogo, kisha kaeni karibu nyote wawili, maana pumzi iliyonibakia si ya kupigia kelele.

Sikilizeni wanangu. Tulipotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne hatukuwa na kitu ila nguo za mwilini, na jamaa zetu wa damu hapa Maskati walitutazama mlangoni kama watu waliokosea nyumba. Nimeshawasamehe, na nyinyi wasameheni. Aliyetufungulia ni Nasriya, mjane asiye ndugu yetu, akatupa nyumba ya shambani kwake hapa Bawshar. Yeye Kiswahili hajui, na mimi Kiarabu changu kilikuwa cha sala tu. Basi nilipotaka kumshukuru nikakosa neno, nikamsomea Alhamdu yote, naye akaitikia amina. Lo! Mpaka leo tukikumbushana tunacheka.

Marehemu baba yenu akaunda gari la farasi kwenye banda lake, kama lile alilokuwa nalo shamba kule Unguja, akatafuta na farasi jike. Watu wakalikodi kwa harusi, wagonjwa wakapelekwa nalo hospitali kule Matrah, na sisi alhamdulillahi tukala, tukavaa, na wewe Suud ukasoma. Kisha gari na farasi akanipa mimi hiba, viwe vyangu, mbele ya mashahidi, akiwa mzima wa afya.

Nnajua unataka kuviuza, Suud, upate motokaa, kwa vile njia zimefunguka na serikali imekupa kazi. Sikulaumu, baba, mtu hendi ofisini ananuka farasi. Lakini Nasriya miguu haimchukui tena, na motokaa ati inamtapisha. Gari lile ndilo linalomfikisha kwa binti yake, na kwenye furaha na misiba ya wenzake. Nnataka liwe lake, pamoja na farasi.

Sharia imeniachia thuluthi tu ya mali yangu kumuusia nimtakaye, na mimi nna nini kingine? Vikuku hivi na mkufu. Farasi na gari vinazidi thuluthi, na hicho kilichozidi ni haki yenu, hakitoki ila kwa ridhaa yenu. Usijibu, Kheiria! Nimemuuliza kadhi: neno lenu la leo halihesabiwi, linalohesabiwa ni mtakalosema mimi nishazikwa. Nasriya sikumwambia kitu, ili mkikataa asione haya mbele yenu.

Nizikeni mapema. Vikuku gawaneni bila ya kununiana. Maji, mwanangu... basi, yatosha. Mkikubali, radhi zangu mnazo. Mkikataa, mnazo vile vile. Mungu akupeni watoto watakaokutazameni kama mlivyonitazama mimi... Nilazeni ubavu wa kulia. Hivyo. Ahsanteni, wanangu. Nnakushukuruni sasa hivi... maana mtakapojibu, mie sitokuwapo.