Vumbi la Miezi ya Mbali

Asubuhi hiyo Machibya alirudi kijiweni Igogo kwa mara ya kwanza tangu aanguke akiponda kokoto, kifua kimebanwa na vumbi la mawe. Aliposhuka kwenye bajaji akakuta benchi limepanguswa, na Abdillah muuza kahawa amemwagia maji barabara yote mbele ya kijiwe. Hakuna aliyemweleza sababu. Machibya alielewa mwenyewe: vumbi lisimfikie kifuani. Akasogea polepole kwenye benchi.

Nestory, waliyemwita Redio, hakungoja hata mzee akae.

— Mzee wetu, karibu! Nina habari moto. Ile sayari kubwa, Mshtarii, miezi yake imezungukwa na vumbi!

— Nani kalirusha? — akauliza Shigela, fundi bajaji, jina la kijiweni Injinia.

— Changarawe za angani. Zinagonga mwezi, vumbi linaruka.

— Unapiga kamba! Huko kuna mtambo wa kokoto, tena hauna leseni.

— Injinia, hakuna watu huko! Vumbi lingi linarudi chini, kidogo linapotelea angani.

— Linapotea wapi? Si ndilo hili linaloziba injini zangu kila kiangazi? Kumbe naisingizia barabara!

Machibya akacheka. Akasubiri kikohozi. Hakikuja. Akacheka tena, makusudi.

— Jamani, vumbi la huko mtaligombania baadaye. Nimekuja kushukuru. Daktari kasema ningechelewa kidogo tu, basi tena. Nilizimia kule mlimani, nikazindukia hospitali. Nani alinibeba?

Redio akajishughulisha na kikombe chake. Injinia akakodolea macho kandambili zake.

— Kunywa kahawa, mzee, inapoa, — akasema Abdillah.

Dada mmoja aliyekuja kununua kahawa, Bushra, aliyehamia mtaani juzi tu, akapiga goti kidogo.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, mimi mgeni hapa. Kwani alikubeba mtu mmoja?

Redio akaanza kuhesabu kwa vidole: watu wa kokoto, wa bodaboda, mama wa dagaa aliyetoa khanga ya kumbebea mzee, wapita njia… Akaushusha mkono.

— Tulikubeba wengi, mzee. Wengine hata majina hatukuyajua.

Machibya akainuka. Akawashika mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yake miwili. Akafika kwa Bushra.

— Mimi sikuwepo, mzee.

— Najua, mwanangu. Ila wale wapita njia nitawapata wapi? Lete mkono.