Namba Aliyoikataa Melaniia

Baba Padre, ndugu, majirani, nanyi mliotoka maabara, naitwa Zoriana, binti wa marehemu Dmytro, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yangu, Melaniia Ilkivna Boichuk, ambaye angekuwa hai angeniambia nifupishe.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 mjini Vyzhnytsia, mtoto wa pili wa fundi wa kuchonga mbao, akasoma hapohapo hadi mwaka 1968, kisha akaja Chuo Kikuu cha hapa Chernivtsi kusomea fizikia, akahitimu mwaka 1973, na mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara inayotafuta madini ya kugeuza joto kuwa umeme, alikobaki mpaka alipostaafu.

Tarehe 7 Mei 1977 alifunga ndoa na mwenzake wa kazi, Ostap Kryvoruchko, hawakujaliwa watoto, na mapenzi ambayo yangekuwa yao niliyafaidi mimi, pamoja na vareniki zake, yale maandazi ya kuchemsha yenye cheri ndani.

Walichokitafuta wote wawili ni hiki: yapo madini ya shaba na seleni ambayo yakikaribia digrii mia moja na thelathini hubadilika kwa ndani, umeme ukapita humo kwa namna nyingine, na ilitumainiwa kwamba kwenye ukingo huo wa mabadiliko joto kidogo lingetoa umeme mwingi. Mwaka 1988 Ostap alipima umeme huo akapata namba kubwa ajabu, maabara ikasherehekea, wakubwa wakaahidi jengo jipya. Shangazi akarudia vipimo polepole, akaona kwamba madini yanapobadilika hulinywa yenyewe joto yanalopewa, na anayepima kwa haraka hudanganyika, basi tarehe 20 Oktoba akasimama kikaoni akasema namba ya mumewe si ya kweli.

Ostap akamwambia mbele ya wote, "Mela, si ungeniambia nyumbani?"

Naye akajibu, "Nyumbani ungeniomba ninyamaze, na ningenyamaza."

Jengo halikujengwa, wenzake wakaacha kumwita kwenye chai, na mwaka 1989 Ostap akahamia Lviv, ndoa ikaishia hapo. Shangazi aliendelea kupima, akingoja joto litulie kabla ya kuandika lolote, na mwaka 2004 akachapisha jibu lake, kwamba ukingoni umeme huongezeka kweli, ila kwa kiasi kidogo, na hakuna aliyempigia simu kumpongeza. Nilikuwa nikimtania kwamba ameolewa na tanuru la maabara, anacheka, halafu nikiondoka namwona dirishani mpaka nikate kona. Alikuwa mpweke, na sitalipamba neno hilo.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2021 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akalazwa hospitali ya mkoa, na akafariki dunia tarehe 9 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliompasulia kuni na kumpelekea supu, na wenzake wa kazini mliokuja leo, hata ninyi wa ile chai.

Ostap yupo, amesimama pale karibu na mlango. Jana alinipigia simu kunieleza kwamba mwaka 1991, huko Lviv, alirudia vipimo vile polepole kama alivyofanya shangazi, akapata namba ileile ya shangazi, na hakumwambia. Nikamshauri amwambie kaburini, watu wakishaondoka, akakataa.

"Lisome jambo hili watu wote wakisikia, Zoriana," alisema. "Wote walimwona mwongo."

Basi nimelisoma. Shangazi, ulikuwa sahihi, na mtu mmoja alilijua hilo miaka thelathini, huku wewe ukila peke yako. Angekuja mapema, ningemtaja kwenye shukrani. Pumzika kwa amani, shangazi yangu.