Choa cha Bwana Harusi

Pembeni ya duka la pembejeo, Mugumu, kuna benchi ambalo wanaume wa rika moja hulikalia kila asubuhi wakinywa kahawa anayouza Bhoke. Waliotahiriwa pamoja hawanyimani kitu: ng'ombe wa kulimia, koti la harusi, mashine ya kunyolea ndevu, hata dawa. Asubuhi hiyo Machage alikaa mwisho wa benchi, kiganja kimeziba shavu la kulia. Chini ya kiganja kulikuwa na choa, duara kubwa kama mdomo wa kikombe, na shangazi wa mchumba wake alikuwa njiani kutoka Busawe kuja kumkagua. Asiporidhika, hakuna harusi.

— Tyubu ya pili hii, Machage akalalamika. Nikipaka, kinanywea. Nikiacha, kinarudi kimenenepa.

— Uliacha kwa nini? akauliza Bhoke, akimimina.

— Iliisha. Magige alikuwa anawashwa, nikamkamulia. Kisyeri naye.

— Mimi nilipaka siku mbili tu! Kisyeri akajitetea, kichwa ndani ya kofia ya jaketi. Muwasho ukikata, dawa ya nini tena?

— Hao fangasi nawajua, akadakia Okumu, Mjaluo aliyeingizwa rika kwa kuvumilia kelele zao. Alikuwa ameegemeza shavu mkononi. Nyanya zangu nazipulizia dawa ile ile ya ukungu kila msimu. Mwanzo walikufa. Sasa wakiona pampu wanajipanga kama ng'ombe mnadani!

— Hao wa nyanya ndio waliowafundisha wa shavuni, akasema Magige, aitwaye Redio, aliyejifunga leso tayani akidai jino. Wanavuka Sirari, wanasomea Kenya, wanarudi wanajua karatasi ya dawa kabla hujaifungua!

— Zima, Redio! akasema Kisyeri. Fangasi nao wana rika. Walionusurika dawa ya kwanza ndio wazee sasa. Wamewatahiri vijana wao kwa dawa hiyo hiyo. Wataogopa nini?

Benchi zima likamgeukia. Maneno ya Kisyeri yalikaribia kuwa na akili, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

— Basi Okumu, nipulizie hiyo ya nyanya, akasema Machage.

— Nilishajipulizia. Nimechubuka, na chenyewe kipo.

— Nenda hospitali wakikwangue, wapime, akasema Bhoke.

— Shangazi akishapita.

Mama mmoja mtu mzima, kitenge kipya, mkoba kwapani, akasimama mbele yao.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba, wanangu. Natoka Busawe, nimekuja kumwona mkwe wetu. Jina limenitoka, lakini binti alinieleza ni yule mwenye choa shavuni. Ni yupi kati yenu?

Kwa heshima ya mama, Kisyeri alikuwa amevua kofia. Magige alikuwa amefungua leso ili aitikie vizuri. Okumu alikuwa ameshusha mkono. Machage akatazama mashavu yale: duara, duara, duara, yote upande wa kulia, kama wamepigwa chapa ya zizi moja. Badala ya kujitaja, akazidi kubana kiganja shavuni.



Ndipo Kisyeri, mwenye wake wawili nyumbani, alipochomekea shati vizuri na kusimama, akimgeuzia mama shavu la kulia.