Rasimu ya Sita ya Dada Yetu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Futafuta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga.

Alimaliza sekondari mwaka 1979. Huko aliandika upya insha moja mara tano, bila kuagizwa, hadi mwalimu wa lugha akasalimu amri: "Basi, mwanangu. Sasa unanichosha mimi."

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu kuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano, na kalamu yake nyekundu ndiyo iliyompa jina.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi mitambo wa hapo hapo kiwandani. Walijaliwa binti, kisha mwana. Mwana alifariki kwa homa ya uti wa mgongo tarehe 19 Oktoba 2001, akiwa na miaka minane.

Mwaka uliofuata dada alianza riwaya juu ya mama na mtoto mgonjwa. Aliiandika mara tano, kila mara upya. Kuna miezi aliifungia kabatini, akasema imemshinda. Kisha unamkuta mezani jikoni, vyombo vimeshaoshwa, anasahihisha ukurasa mmoja wa siku hiyo, basi. Sisi tulimtania. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhariri mmoja aliyeisoma alimwambia, "Mama, umeandika vizuri, ila huyu mama wa hadithini hakosei hata mara moja. Simwamini." Dada alirudi na rasimu yake, asimpelekee mtu mwingine.

Januari 2023 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho. Kufikia Aprili mkono ulikataa kushika kalamu, akamwomba mumewe amwandikie rasimu ya sita. Wakafika pale mtoto anapolalamika kichwa kinamuuma. Katika rasimu zote tano, mama aliacha kazi akambeba mbio hospitali. Safari hii dada alisema, "Andika hivi: mama hakuinua macho kwenye prufu. Alimwambia, nenda kalale, kitapoa."

Shemeji aliweka kalamu chini. Siku ile ya mwaka 2001 mtoto wao alipoanza kuumwa, yeye alikuwa zamu kiwandani.

"Miaka yote hii, mke wangu?"

"Ningeanzia wapi, baba watoto?"

Shemeji alitoka, akakaa kibarazani karibu saa nzima. Aliporudi aliishika tena kalamu. "Ehe. Halafu?"

Waliandika wiki saba. Dada alituacha asubuhi ya tarehe 2 Juni, zikiwa zimebaki kurasa tatu. Shemeji amekataa zimaliziwe na mtu mwingine. Ni yeye pia aliyetaka haya yasomwe mbele yenu bila kupunguzwa neno.

Marehemu ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na sisi wadogo zake wawili. Mungu ampe pumziko la amani, na amkutanishe na mwanawe.