Uzi wa Shaba Penye Fizible

Moteri ya mashine yetu ya kusaga iliungua mchana, wateja wakiwa kwenye mstari, na fizible, ile inayokata umeme ukizidi, haikukatika. Haikuweza kukatika kwa sababu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na uzi wa shaba.

Ndugu zangu wa kikundi, nirudi nyuma kidogo. Mashine hiyo ya umeme wa jua ndiyo inayolisha nyumba yangu, na ndiyo iliyopumzisha mikono yenu hapa Wamaza. Desturi yetu mnaijua: kila mama na beseni lake la mihogo, na hataki unga wake uguse wa mwenzake. Basi tunasimamisha moteri, tunapangusa, tunawasha tena. Msicheke, ndivyo tulivyo.

Moteri ikianza huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo. Fizible zetu, vile vibomba vya kioo, hazikuvumilia hilo. Zilikatika mpaka zikatuishia. Mama mmoja, na yumo humu, akasema, "Baba, iko inakatika kila mara juu ya nini? Funga uzi, sisi tuko na njaa."

Baba watoto akachuna waya, akafunga uzi, akanitazama kwa majivuno. "Huu sasa hautakatika." Tukampigia makofi, mimi wa kwanza.

Na kweli haukukatika. Siku mihogo isiyokauka ilipokwamisha mashine, uzi ulistahimili, ikaungua moteri. Baba watoto hakugusa chakula. Mimi nilikuwa najiona tayari nalima shamba la watu.

Nawaambia, hamkutuacha. Mlitwanga kwa mikono mkatuletea unga sisi, wenye mashine! Ndugu yetu wa pikipiki akaifunga moteri nyuma, akampakia na baba watoto, wakapambana na matope hadi Kasongo ili ibobinwe, yaani ivikwe nyaya mpya. Fundi wa huko hakumkaripia. Alimwuliza tunaiwasha vipi, na aliposikia habari ya mabeseni akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akampa fizible za kaure, nyeupe, zenye mchanga ndani.

"Hii iko na subira," akamwambia. "Moteri ikishtuka kuanza, inangoja. Mzigo ukizidi na kukawia, inakata. Usiweke uzi tena, ndugu yangu."

Tangu hapo tumesaga kwa amani. Asanteni kwa unga, kwa pikipiki, hata kwa utani mliomtania mume wangu, maana ndio uliomrudishia hamu ya kula. Ninalowaombeni ni hili: fizible ikikatika, msiikasirikie. Tafuteni kwanza kilichoikata.

Nayasema haya kwa sababu leo asubuhi fizible ya kaure imekatika. Baba watoto hayupo hapa. Ameifungua mashine tangu jua lichomoze na hajaona kasoro. Fizible imebaki moja, iko mfukoni mwake, na bado hajaiweka.