Miraba ya Bi Mkasi Ambayo Haijaunganishwa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja katika baridi hii, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nimekubali ingawa mpaka sasa akili yangu inakataa, maana Jumapili alikuwa ananigombeza kwenye simu kwamba sivai soksi, na leo Ijumaa nimesimama mbele ya jeneza lake. Kifo hakipigi hodi, tunasema hivyo kila siku kwenye misiba ya wenzetu, kumbe tulikuwa tunasema tu. Nitasoma kwa utaratibu, ila mwishoni liko jambo ambalo mjukuu wake aliyekaa pale mbele, ambaye tangu Jumanne hali vizuri wala hachezi, ni lazima alisikie kabla hatujaondoka hapa, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu, aliyekuwa seremala, kwa sababu mama alikuwa amempelekea baba chakula na uchungu ukamkuta hapohapo, akawa wa kwanza kati ya watoto wanne, na mimi ndiye niliyemfuata. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, ambako hesabu haikumpenda naye hakuibembeleza, kisha akaingia chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1975, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika kiwanda cha sare, idara ya kukata, akasimama kwenye meza ileile hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012. Huko ndiko alikopewa jina la Bi Mkasi, na huko ndiko alikoanza kuokota mabaki ya vitambaa chini ya meza kabla ufagio haujayafikia, akiyatia mfukoni, akisema haba na haba hujaza kibaba, mpaka mlinzi wa getini akazoea kumuuliza leo kibaba kimefika wapi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 na fundi umeme wa kiwanda hichohicho, shemeji yetu, ambaye alichana ovaroli yake kwa makusudi mara tatu ili apate sababu ya kupita idara ya kukata, na alipoirudisha tena dada akamwambia aache kuharibu mali ya kiwanda, aje nyumbani aseme anachotaka. Waliishi vizuri, wakinuniana kidogo na kucheka sana, hadi shemeji alipotutoka mwaka 2015, nao walikuwa wamejaliwa watoto wawili, binti, ambaye ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi, na kijana, ambaye ni dereva wa lori, na wajukuu watatu kwa huyo binti, ambao bibi yao aliwapa majina ya kazi yake, Kifungo mwenye miaka sita, Uzi mwenye minne, na Pamba ambaye ndiyo kwanza ametimiza miwili.

Kila majira ya baridi, shule zikifungwa, wajukuu hao waliletwa kwake asubuhi wakiwa bado na usingizi, naye aliwakusanya jikoni penye joto, akafunga mlango, akatandaza mabaki ya vitambaa mezani, akakata, akashona miraba ya blanketi la viraka, mraba mmoja baada ya mwingine, huku mguu wake ukimbembeleza Pamba. Hakuna nguo iliyosalimika, hata shati hili nililovaa lilipoteza sehemu yake ya nyuma, ile inayochomekwa ndani ya suruali, naye alipoulizwa alijibu kwamba huko nyuma nani anaangalia. Kuunganisha miraba aliacha hadi baridi iishe na meza iwe huru, na kwa watoto alikuwa na sheria moja tu, kwanza sindano halafu mtoto, maana hakuna aliyepanda mapajani mwake kabla sindano haijachomekwa kwenye kile kimto chekundu.

Kwenye karatasi hii imeandikwa sehemu ya ugonjwa, nami sina cha kusoma, kwa sababu dada hakuugua. Jumanne tarehe 16 Julai binti yake alimwachia watoto, dada akiwa mzima, tena akimtania binti kwamba koti lake limeshakuwa kiraka kabla ya wakati, na saa ya chakula cha mchana alipopiga simu kama kawaida yake aliyepokea ni Kifungo, akasema kwa sauti ya chini kwamba Bibi amepumzika, na mama mtu akacheka, akamwambia wamwache apumzike. Jioni alipofungua mlango alimkuta mama yake kitini, amejiinamia, watoto wamekula biskuti, Pamba amelala mapajani mwa bibi yake, sindano imechomekwa kwenye kimto chekundu, na miraba yote ya baridi hii imepangwa juu ya marehemu kuanzia miguuni hadi mabegani, ukingo kwa ukingo, kwa kuwa Kifungo alimgusa mkono akauona wa baridi. Tangu niambiwe hayo sijajua nikae wapi, nyumba ile nimeingia na kutoka, kimto nimekiangalia, na bado sielewi ameondokaje.

Tunamshukuru daktari wa zahanati, aliyekuja kwa miguu bila hata kuvaa koti, tunawashukuru majirani wa ghorofa ya chini waliowachukua watoto kabla hawajaona mengi, na wenzake wa idara ya kukata, ambao walikuja na furushi la vitambaa, wakaliweka mezani wakalia. Tulitaka miraba ile iwekwe juu ya jeneza, lakini Kifungo amekataa, amesema haijaunganishwa na itaanguka, basi imebaki nyumbani, na mmoja wa hao wenzake ameahidi kumfundisha kuunganisha.

Sasa Kifungo, mjukuu wetu, nisikilize mimi babu yako, na mama yako pia asikie. Daktari ametueleza kwamba moyo wa Bibi ulisimama ghafla, mara moja, na kwamba hata kama Bibi angekuwa hospitalini, madaktari wasingeweza kumrudisha, kwa hiyo hukuchelewa kumfunika, hukukosea kutomwamsha, na mama yako hakukosea kucheka. Wewe ulitoa sindano mkononi mwake kwanza, ndipo ukampandisha mdogo wako, kama alivyokufundisha, na ulipoulizwa kwenye simu ulijibu kwamba Bibi amepumzika, na ulisema kweli kabla yetu sote.

Dada yangu, soksi nimevaa. Pumzika kwa amani.