Mashine Zilizosubiri Fundi

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa alinionya mapema nisimpambe kwa sifa, nitajitahidi kumtii, japo leo hawezi kunifokea.

Dada alizaliwa tarehe 11 Aprili 1961, mtoto wa kwanza wa mshonaji na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1983 akaajiriwa kuwa karani wa halmashauri ya mji wetu, katika chumba chenye madirisha yasiyofungika, ambamo watu waliingia wamefura wakatoka wakicheka. Mwaka 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala mpole aliyejua kumtania hadi akasahau alichonunia, wakajaliwa binti na wavulana wawili.

Mwaka 2004 akawa afisa wa ushirikiano, yaani ndiye aliyeshughulikia undugu kati ya halmashauri yetu na halmashauri ya mji mmoja wa ng'ambo, ambao wakazi wake walikubali sehemu ya kodi zao itusaidie, moja kwa moja, bila kuzungukia wizarani. Zawadi yao ya kwanza ilikuwa lori la taka, likapokelewa kwa hotuba ndefu, likaharibika, likakosa vipuri, hadi kuku wa mlinzi wakawa wanatagia ndani yake, na tangu hapo dada akaapa kwamba hakuna mashine itakayoshushwa kabla hajapatikana mtu wa kuitengeneza. Madiwani wakambandika jina la Mama Kwanza Fundi, naye akaitika.

Basi mwaka 2014 wenzetu wale wakaahidi mashine nne za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na mwenyekiti wa halmashauri yetu alishaandaa hadi utepe wa kukata, lakini dada akawaandikia wasubiri, kwa maelezo kwamba mashine hizo hutumia maji safi mengi nayo yetu yana chumvi, hospitali haina mtambo wa kuyasafisha wala mtu anayezijua mashine hizo, kwa hiyo kwanza wawachukue wauguzi wetu wawili na fundi mmoja wakafunzwe kwao, nao wahandisi wao waje wayaone mabomba yetu. Halmashauri zote mbili zikakubali, shingo upande.

Mwaka uliofuata shemeji akaugua figo.

Jamani, nyumba ile ilikuwa ngumu. Binti yao alimwambia mama yake mbele yetu sote kwamba simu moja tu ingetosha kuzileta mashine, na dada akamjibu kwamba zingekuja kweli, zingekaa kwenye maboksi, na baba yake angekufa akizitazama. Shemeji akawa anapanda basi kwenda hospitali ya mbali kila wiki, akirudi hoi, mpaka tarehe 19 Februari 2016 alipotutoka, miezi saba kabla mashine hazijawashwa. Dada alilia sana, akatuambia wazi kwamba hajui kama alifanya sawa, kisha baada ya mazishi akarudi ofisini kuulizia mtambo wa maji. Kwa miaka mingi binti hakuwa na neno kwake zaidi ya salamu, na hilo lilimuuma dada kuliko lawama za mji mzima.

Alistaafu mwaka 2021, na mwaka uliofuata figo zake nazo zikagoma, akaunganishwa kwenye mashine zilezile, akimsumbua fundi kwa maswali kama vile bado yuko kazini. Siku moja binti alifika, akamuuliza fundi kama mashine hizo zimewahi kusimama, akajibiwa kwamba zimesimama mara nyingi, na kila mara wamezitengeneza wenyewe, hapohapo. Binti akavuta kiti, akaushika mkono wa mama yake, na kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali. Tarehe 14 Mei mwaka huu, saa nne asubuhi, dada alifariki dunia nyumbani kwa binti huyo.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia na kutufagilia, wafanyakazi wenzake wa halmashauri, na wenzetu wa ng'ambo waliotuma rambirambi. Wauguzi na fundi tunawashukuru wakiwa hawapo, maana walikuwa wameshavaa waje kuzika, ila binti wa marehemu aliwapigia simu yeye mwenyewe, akawaomba wabaki, kwa sababu asubuhi hii mashine zote nne zina watu.

Pumzika kwa amani, dada yetu.